Pini Saba, Batani Kumi na Mbili

Kibodi iliyokuwa juu ya meza ya fundi haikuwa na jina wala karatasi ya maelezo. Ilikuwa na batani kumi na mbili: 1 hadi 9, kisha nyota, sifuri na alama ya reli. Nyuma yake ilikuwapo bodi nyembamba ya kijani, na ukingoni mwa bodi zilitokeza pini saba zilizopangana. Ilichomolewa kwenye mashine iliyokwisha kufa, na aliyeichomoa hakuandika kitu. Pini ipi inaongoza wapi, hakuna aliyejua. Kuzitambua pini hizo ndiyo ilikuwa kazi ya asubuhi ile katika kibanda cha fundi redio na simu mjini Tabora, nami niliomba kiti nikakaa kuitazama.

Mwenye kazi ni mama anayenunua asali kwa warina asali wa Sikonge na kuihifadhi mjini. Vijana wake hupokea ndoo na madumu kwa zamu, ufunguo ni mmoja, na umeshapotea zaidi ya mara moja. Anataka mlango wa ghala ufunguke kwa namba ya siri. Fundi alimwamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayu," akamkaribisha kwenye benchi, kisha akamweleza bila kuzunguka kwamba hatafunga chochote kabla hajaijua kibodi yenyewe. Mama akaitikia, akaacha malipo ya awali, akasema atapita jioni.

Maghala na kusubiri ni mambo ya asili ya mji huu. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa wakati huo, mnamo Novemba 1857, walikuta wafanyabiashara wa Kiarabu wamekwisha kujenga makao yao hapa, mali ikipumzika kati ya safari na safari: pembe za ndovu zikingoja wapagazi wa kuzishusha Bagamoyo, nguo na shanga zikingoja kupelekwa Ujiji au kaskazini, Karagwe na Buganda. Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, lipo tembe alilokaa mmisionari Livingstone mwaka 1872. Mwandishi Stanley alipomwacha mwezi Machi kurudi pwani, mzee yule alibaki humo hadi Agosti akiwangoja watu wa kumbebea mizigo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 wapagazi walipungua barabarani, ila maghala yalibaki. Asali ya miombo bado hukusanywa, hupimwa na kufungiwa humu mjini kabla ya kusafirishwa.

Turudi kwenye kibodi: kwa nini pini saba zitoshe batani kumi na mbili? Kila batani ingepewa waya wake, pamoja na waya mmoja wa kurudishia umeme, zingehitajika nyaya kumi na tatu. Waliobuni kibodi za namna hii walizipanga batani kwa mistari minne inayolala na safu tatu zinazosimama. Kila mstari una waya wake na kila safu ina waya wake. Nne na tatu, saba. Chini ya kila batani waya wa mstari na waya wa safu hupitana bila kugusana, na ukibonyeza hugusana hapo tu. Ni sawa na kumwelekeza mgeni hapa Tabora: unamtajia barabara mbili, naye anakwenda kusimama zinapokutana. Kibodi ya batani kumi na sita hutumia pini nane mahali ambapo zingehitajika nyaya kumi na saba, na kadiri batani zinavyoongezeka ndivyo nafuu inavyozidi. Mpango huohuo umo kwenye kikokotoo, kwenye rimoti ya televisheni, kwenye kibodi ya kompyuta, na kwenye simu ya kitochi iliyomo mfukoni mwa mkulima wa tumbaku wa Urambo.

Fundi alianza kwa kusafisha. Alichovya mswaki wa zamani kwenye spiriti, akazisugua pini moja moja, akazifuta kwa kitambaa cha pamba hadi shaba ikang'aa chini ya taa. Kisha akakata kipande cha utepe wa karatasi, akakibandika juu ya pini, na kwa kalamu yenye ncha nyembamba akaandika 1 hadi 7, kuanzia kushoto, batani zikiwa zimemwelekea yeye. Pembeni akaandika neno moja, "mbele". Nikamuuliza la nini. Akaigeuza kibodi kifudifudi. Pini ya kwanza ikawa ya mwisho. Bila neno lile, jedwali zima alilokuwa anakwenda kuliandika lingeweza kusomwa kinyumenyume na mtu mwingine, au na yeye mwenyewe baada ya wiki.

Mita yake ni ya kawaida, ya bei ya sokoni, mpira wa waya mwekundu umefungwa gundi mahali ulipochubuka. Aliizungusha hadi kwenye alama ya mlio, akagusanisha ncha mbili. Ikalia. Kifaa cha kupimia nacho kinapimwa kabla ya kuaminiwa, na nilipenda kwamba hakuiruka hatua hiyo, maana mita yenye betri iliyochoka hukaa kimya mahali pote, na kimya chake humdanganya anayepima.

Daftari la shule likafunguliwa. Hapo nilidhani ataanza kubonyeza. Kijana wake wa kujifunzia kazi alidhani hivyohivyo, akanyoosha kidole kwenye namba 1. "Ngoja kwanza tuione ikiwa imelala," fundi akamwambia.

Kibodi iliyolala ni ile ambayo hakuna aliyeibonyeza. Ncha nyeusi ikawekwa kwenye pini ya 1, nyekundu ikapita kwenye 2, 3, 4, 5, 6 na 7. Kimya. Nyeusi ikahamia pini ya 2, nyekundu ikapita kwenye zile tano zilizosalia upande wa kulia. Kimya tena. Ikaendelea hivyo hadi pini ya 6 na ya 7. Jozi zote zinazowezekana kwa pini saba ni ishirini na moja, na alizigusa zote, kila moja kwa utulivu uleule, bila kuharakisha za mwisho. Jozi moja tu ingelia hapo, maana yake ingekuwa batani imeganda au kuna shoti, na majibu yote ya baadaye yangekuwa na kasoro. Hakuna iliyolia. Akaandika juu ya ukurasa: "Imelala, kimya."

Ndipo kijana akaruhusiwa kubonyeza namba 1, kwa upande wa kifutio wa penseli ili shinikizo liingie katikati ya batani. Fundi akarudi kwenye pini ya 1 na kuzipitia sita zilizobaki. Kimya. Akaweka nyeusi kwenye pini ya 2, nyekundu kwenye ya 3, na mita ikalia. Hakuandika hapohapo. "Achia." Kimya. "Bonyeza." Ikalia. "Achia." Kimya. Sasa akaandika: 1, pini 2 na 3.

Jibu hilo lilikuwa nusu tu. Mojawapo ya pini hizo mbili ni mstari na nyingine ni safu, lakini batani moja haiwezi kusema ipi ni ipi. Inahitaji jirani yake. Namba 2 iko kulia kwa namba 1, zinalala mstari mmoja, kwa hiyo lazima zishirikiane waya. Fundi aliacha ncha nyeusi palepale kwenye pini ya 2, nyekundu akaipeleka kwenye ya 1, kijana akabonyeza. Ikalia. Namba 2: pini 1 na 2. Pini iliyojirudia ni ya 2, basi ya 2 ndiyo mstari wa kwanza. Ya 3 ni safu ya kushoto na ya 1 ni safu ya katikati. Niliona ncha nyeusi haikuinuka. Alikuwa amekwisha kujua kwamba namba 3 nayo itataka mstari uleule, na akaipitisha nyekundu kwenye pini ya 4, kimya, kisha ya 5. Mlio.

Batani tatu zilikuwa zimebonyezwa na nusu ya siri ilikuwa mezani: mstari wa kwanza ni pini ya 2, safu ni pini 3, 1 na 5. Zilizobaki, 4, 6 na 7, haziwezi kuwa kitu kingine isipokuwa mistari mitatu ya chini. Lakini kwa mpangilio gani? Akahamishia nyeusi kwenye pini ya 3, safu ya kushoto, ambako namba 1, 4, 7 na nyota zimesimama kutoka juu hadi chini. Namba 4 ikajibu kwenye pini ya 7. Namba 7 ikajibu kwenye pini ya 6. Nyota ikajibu kwenye pini ya 4. Mistari, kuanzia juu, ni 2, 7, 6, 4.

Kwa batani sita tu, tatu za juu na tatu za ukingo wa kushoto, pini zote saba zilikuwa zimepata majina. Mtu mwenye haraka angefunga daftari. Fundi alichora miraba kumi na miwili, akaandika pini za safu juu na za mistari ubavuni, kisha akachukua penseli na kujaza ile sita ambayo hajaipima: namba 5 lazima iwe 1 na 7, namba 6 iwe 5 na 7, namba 8 iwe 1 na 6, namba 9 iwe 5 na 6, sifuri iwe 1 na 4, reli iwe 4 na 5. Penseli kwa alichokisia kwa hesabu, kalamu kwa alichosikia kwa mita. Akaanza kupima ili aigeuze penseli kuwa wino.

Namba 5 ikakubali. Sita ikakubali. Nane pia. Tisa ikakataa.

Kijana alibonyeza tena, kwa nguvu zaidi, na mita ikatoa mlio uliokatika. Hesabu ilikuwa sahihi, kibodi ndiyo ilikuwa mgonjwa. Fundi akaizungusha mita kutoka kwenye mlio hadi kwenye omu, kwa sababu mlio hutoka tu pale ukinzani unapokuwa mdogo, na batani nyingi za mpira zina kidonge cha kaboni chini yake ambacho huzuia umeme kidogo hata kikiwa kizima. Kwenye namba 8 tarakimu zilitulia mahali pamoja. Kwenye namba 9 zilipanda na kushuka bila kutulia.

Skrubu nne ndogo zikatoka kwa bisibisi ya nyota na kupangwa kwenye kifuniko cha chupa, kila moja upande wa kona iliyotoka. Ndani ulikuwapo mpira mmoja laini wenye vichuguu kumi na viwili, kila kichuguu na kidonge chake cheusi, na chini yake bodi yenye njia mbili za shaba zilizopishana kwa karibu sana chini ya kila batani. Chini ya 9 palikuwa na doa la kahawia lililokauka, soda au chai iliyomwagika enzi za mashine yake ya kwanza. Alilowesha kitambaa kwa spiriti, akakiweka juu ya doa, akangoja lilainike. Hakukwaruza. Kidonge cha mpira alikigusa kwa kitambaa kikavu tu, kwa wepesi, kwa kuwa weusi ule ndio unaopitisha umeme, na ukishafutika haurudi. Alipofunga tena, namba 9 ililia kama wenzake, kwenye pini 5 na 6, na penseli ikafunikwa kwa wino. Sifuri na reli zikafuata bila shida.

Alipomaliza alifanya hesabu ya mwisho pembeni. Jozi ishirini na moja, kumi na mbili zina batani, tisa hazina. Kati ya hizo tisa, sita ni mstari kwa mstari na tatu ni safu kwa safu. Hesabu ikakaa sawa. Nilimuuliza kwa nini pini zimevurugwa hivyo, mstari wa nne ukiwa katikati ya safu mbili. Akanionyesha njia za shaba kwenye bodi: karibu zote ziko upande mmoja, na njia za upande mmoja haziwezi kuvukana bila daraja, basi kila moja hutokea pale ilipopata upenyo. Kwa aliyeichora bodi, mpangilio ule una sababu zake zote.

Jambo moja lililonikaa kichwani alilisema akiwa anapanga nyaya. Mstari na safu ni majina tu. Umeme haujui kulala wala kusimama. Ukiigeuza kibodi ubavu, mistari inakuwa safu. Kinachotakiwa ni kuzigawa pini makundi mawili ambayo hayagusani ndani kwa ndani, kisha kuamua kundi lipi litapeleka na lipi litapokea. Penye dayodi ndipo mambo hubadilika, maana dayodi hupitisha umeme upande mmoja, na hapo lazima ncha nyekundu na nyeusi zibadilishane zamu kwenye kila jozi kabla ya kuandika kwamba ni kimya.

Mchana alilehemu nyaya saba kwenye pini saba, rangi saba, kila rangi ikaingia kwenye jedwali. Upande wa pili zikaingia kwenye bodi ndogo ya Arduino itakayoendesha kufuli. Bodi hiyo hufanya kwa kasi kile alichokuwa akikifanya kwa mikono: huweka mstari mmoja kwenye volti sifuri, hutazama safu tatu, huhamia mstari unaofuata, hutazama tena, na kuzunguka hivyo bila kupumzika. Batani ikibonyezwa, safu moja hushuka wakati mstari fulani uko zamu, na makutano hayo ndiyo tarakimu. Programu hungoja milisekunde chache kabla ya kuamini, kwa kuwa mguso hurukaruka kidogo kabla ya kutulia. Alimwonyesha kijana pia udhaifu wa mpango huu: ukishika 1, 2 na 4 kwa pamoja, bodi itaapa kwamba 5 nayo imebonyezwa, sababu umeme umezunguka kwa kupitia zile tatu. Kwa mlango wa ghala, ambako mtu hubonyeza moja moja, hilo halina madhara.

Simu za mezani za batani, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1963, ziliufanya mpango huu usikike. Kila mstari ulipewa sauti yake na kila safu sauti yake. Namba 5 ni hezi 770 za mstari wa pili na 1336 za safu ya katikati, zikilia pamoja. Hadi leo, ukipiga huduma kwa wateja ukaambiwa ubonyeze moja kwa Kiswahili, mashine ya upande wa pili huutambua mstari na safu kwa sauti hizo mbili.

Kabla jioni haijafika alikuja mzee na kitochi ambacho 4, 5 na 6 hazifanyi kazi. Fundi hakukifungua mara moja. Alijaribu batani zote, akaandika zilizokufa, ndipo akasema njia ya mstari imekatika. Lau zingekufa 2, 5, 8 na sifuri angeitafuta safu. Si kila simu hupanga umeme wake kama macho yanavyoziona batani, ndiyo maana huandika kwanza na kufungua baadaye. Chini ya lenzi alifuata njia kwa ncha ya mita hadi mlio ulipokoma, pembeni mwa tundu la skrubu lenye kutu, akapiga jampa ya waya mwembamba kutoka pande mbili za mkato. Batani tatu zikarudi kwa pamoja.

Mama wa asali alipofika, kibodi ilikuwa ndani ya kasha, imefunikwa nailoni laini inayoweza kupanguswa, kwa kuwa vidole vya watu wake vitakuwa na asali. Akabonyeza namba yake, kufuli ikafyatuka. Akabonyeza ya uongo, ikakaa kimya. Fundi akamtajia bei: kufuli, bodi, nyaya, lehemu, kufunga. Saa za kupima hazikuwamo. Nilipomuuliza, alijibu kwamba wateja hukubali kulipia kinachoshikika, na kwamba mtu aliyeketi na mita na daftari huonekana anachezea kifaa.

Kwa maoni yangu hapo tunawadhulumu mafundi wetu. Kufuli ile inauzwa dukani kwa yeyote. Kilichoufungua mlango ni ukurasa mmoja wa daftari, jozi ishirini na moja zilizopimwa zikiwa kimya na kumi na mbili zilizopimwa zikilia. Ukipeleka kifaa kwa fundi ukamkuta ana kalamu mkononi, mwache amalize kuandika, na siku ya malipo mwambie aziweke saa za kupima kwenye hesabu.